Maji Vuguvugu Mlangoni kwa Muriel

Kitendawili! Mbona kimya? Sema "tega" nami nitege. Haya. Nina mgonjwa wangu anakaa chini ya mlima. Ana homa tangu dunia iumbwe, haipandi wala haishuki, na kila siku watu wanapanga foleni kumnywa. Ni nani huyo?

Umeshindwa? Basi nipe mji. La, usinipe Unguja wala Tabora, hiyo nimepewa mara nyingi hata sijui niiweke wapi. Nipe Buxton, ule mji wa milimani Uingereza. Ahsante, nimeupokea. Nilikwenda Buxton, nikala chapati za oti na jibini, nikanywa chai, na mgonjwa wangu ni maji ya chemchemi ya Mtakatifu Anna, yatokayo vuguvugu mwaka mzima, theluji ianguke isianguke. Aliyeyazoea hayo tangu utotoni, ukimpa chai ya maji ya bomba hukunja uso kama mtu aliyeng'ata ufunguo.

Ndivyo alivyokunja uso Muriel Bagshaw asubuhi ya Jumatano moja ya mwezi wa saba, alipoonja kikombe chake cha kwanza. Akakiweka mezani. Akaenda mlangoni na fimbo yake, akafungua, akatazama chini.

Ngazi ya mlango ilikuwa tupu.

Muriel alikuwa ameteleza kwenye barafu mwezi wa kumi na moja, akavunjika nyonga. Tangu atoke hospitali hakuwahi kuvuka lango la nyumba yake. Na tangu juma lile la kwanza, kila Jumatano asubuhi, mtu alimwekea pale mlangoni chupa mbili za maji ya chemchemi. Chupa zilivikwa soksi nene za sufu, na Muriel akizishika alikuta zingali na uvuguvugu, kana kwamba ndiyo kwanza zimetoka ubavuni mwa mlima. Alikunywa chai ya maji yale wakati hata uji haukupita kooni. Katika baridi ile, maumivu yale, na usiku usiokwisha, kilichomfanya aseme "basi nami nitaiona kesho" kilikuwa kikombe kile kimoja. Akimaliza chupa huziosha, akazirudisha ngazini na soksi zake zimekunjwa vizuri.

Mletaji alimjua. Angekosaje kumjua? Pazia lake ni la wavu, na koti la zambarau kama lile mjini ni moja tu, la Thora Swindell. Thora naye hakujificha. Akishaweka chupa huinama, akasukuma kile kibati cha tundu la barua pale mlangoni, akaita ndani:

"Muriel! Nikuletee na juma lijalo?"

Na Muriel, aliyekaa kitini hatua chache tu kutoka pale, mikono juu ya magoti, hakujibu neno. Kibati kinafungwa, kap. Nyayo zinaondoka. Jumatano ijayo maji yapo, na swali lipo.

Usimwone mwanamke yule mwovu, ngoja nikwambie. Huko Buxton, kila kiangazi kikifika, watu huivisha chemchemi nguo za maua kumshukuru Mungu kwa maji. Huchukua mbao kubwa wakazipaka udongo wa mfinyanzi uliokanyagwa kwa miguu, wakachora picha, kisha wakaijaza kwa petali, moja moja, kwa ncha za vidole. Na petali zina sheria yake. Ni kama kuezeka makuti: unaanza chini, unapanda juu, kila safu ikilalia ile ya chini yake, ili mvua ikija iteleze isipenye. Muriel na Thora walifanya kazi hiyo bega kwa bega tangu wasichana. Wakapakana udongo puani, wakasimuliana ya waume zao, wakazeeka pamoja juu ya mbao zile.

Halafu mwaka mmoja, muda umewabana, Thora akapewa uso wa Mtakatifu Anna, naye kwa haraka akaanza juu akashuka chini. Usiku ikanyesha ile mvua ya kwao isiyokuwa na adabu. Asubuhi mji mzima umekusanyika, kasisi amevaa joho, turubai linaondolewa, lahaula! Uso wa mtakatifu umeteremka mpaka kifuani, jicho moja limekaa kwenye kola. Watu wakatazamana. Ni Muriel aliyeusema utani ule, tena kwa sauti:

"Heri wengine humwomba mtakatifu. Thora wetu amemzamisha!"

Wakacheka mpaka kasisi. Thora alivua aproni, akaikunja, akaondoka, na mwaka uliofuata hakuja. Wakawa wakikutana njiani, kila mmoja anasoma bei dirishani mwa duka. Miaka saba.

Sasa umeona. Uliyemkosea akikununia, unaweza kuishi. Lakini uliyemkosea akikuletea maji, tena maji ya moto wa mlima, kwenye barafu ileile iliyokuvunja, akainama na mgongo wake wa kizee kukuuliza akuletee tena? Utamjibu nini? "Ndiyo, lete" ni utovu wa haya. "Usilete" ni utovu wa fadhila. "Ahsante" ndilo lilikuwa neno lenyewe, na watu wa huko ahsante hawana uchoyo nayo: humshukuru dereva wa basi, humshukuru aliyewakanyaga. Lakini ahsante ile kubwa, ya kumtazama mtu machoni, humkaa Mwingereza kooni kama mwiba wa samaki. Basi Muriel alinyamaza, na kadiri alivyonyamaza ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kunena.

Na leo ngazi ilikuwa tupu.

Alisubiri mpaka chai ikapoa. Amechoka, akawaza. Mtu huuliza ukuta mpaka lini? Kisha wazo jingine likamjia, baya zaidi: au ameanguka na yeye? Simu ilikuwa pale mezani, lakini miaka saba haifunguliwi kwa simu. Binti wa mazoezi wa hospitali alikuwa amemruhusu kutembea mpaka langoni na kurudi. Muriel akavaa viatu, akavaa koti la mvua, akafika langoni, akalipita.

"Mungu wangu! Wafu wanafufuka!"

Ni Gwenda, muuza mboga wa pale juu sokoni, amesimama mbele ya duka na kabichi kila mkono.

"Hata kuzikwa sijazikwa, Gwenda. Punguza sauti."

"Sipunguzi! Njoo nikuone. Umekonda, mama. Umekonda mpaka fimbo inaonekana nene."

"Na wewe umenenepa kwa niaba yangu, ahsante sana. Thora Swindell umemwona?"

Gwenda aliziweka kabichi chini. Kusikia jina lile katika kinywa kile, hata yeye alihitaji mikono mitupu.

"Thora? Leo? Hapana. Jumatano huwa simkosi hapa, anashuka na machupa matupu, anapanda nayo ameyavisha soksi kama watoto wachanga. Mimi humtania, 'Thora, chai gani hiyo unakunywa, ya kuogea?' Ananiambia, 'Nina mgeni.' Mgeni gani asiyeondoka, miezi yote hiyo!" Akacheka, kisha akamwona Muriel hacheki. "Kuna nini, mama? Umepauka."

"Hakuna kitu. Jua."

"Jua lipi? Mbona mbingu imefunga?"

Muriel alikuwa ameshaondoka.

Aliteremka kwa njia za kuzunguka za ule mteremko wenye bustani, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine kwenye ukuta palipo na ukuta. Alikwenda kama anayepima kitambaa, kidogo kidogo. Moyo ulikuwa kwa Thora, lakini macho ni macho, hayajui kufunga. Yalikuwa yamekaa ndani tangu majani yapukutike, na sasa kila mti ulikuwa umevaa. Ukuta wa mawe ulikuwa na unyevu na harufu ileile ya chuma na majani. Kwenye benchi la katikati alikaa kupumzisha nyonga, na chini yake likatandazika jumba kongwe liitwalo Mwezi Mwandamo kwa upinde wake wa nguzo, na nyuma ya mapaa likanyanyuka kuba kubwa, na njiwa wakizunguka juu yake kama kawaida yao, wanaruka kwa pamoja, wanatua kwa pamoja, hakuna kazi waliyofanya. Utotoni alikuwa akiteleza kwenye mteremko ule kwa sinia la mama yake. Ujanani alibusiwa nyuma ya mti ule pale, na mtu ambaye hakumwoa, ahsante Mungu. Alifikiri hataliona tena benchi hili. Akazigusa mbao zake kwa kiganja, kama unavyomgusa ng'ombe.

"Haya, inuka," akajiambia, "hukuja kutalii."

Alipofika chini, pumzi zikimwenda mbio, aliitazama chemchemi akasimama palepale.

Bomba la shaba lenye kichwa cha simba, ambalo watu huchotea, halikuonekana. Mbele yake palikuwa na uzio, na nyuma ya uzio mbao, na juu ya mbao turubai. Watu kama sita wamesimama na madumu matupu wakinung'unika, na kati yao mzee Redfern, fundi saa mstaafu, ambaye kunung'unika ndiyo kazi aliyoichagua uzeeni.

"Redfern, kumetokea nini? Maji yamekauka?"

Redfern aligeuka akamtazama juu mpaka chini. "Muriel Bagshaw. Wewe ndiye wa kuniuliza hilo?"

"Nauliza kwa kuwa sijui."

"Hujui! Jamani, njooni mumwone mtu. Mwanamke aliyeivisha chemchemi hii tangu hajaota meno ya kutafunia, anaona mbao na uzio mwezi wa saba anauliza maji yamekauka! Wanasimamisha fremu, bibi wee. Ni juma la maua! Tangu jana asubuhi hakuna anayechota hapa hata tone. Mimi nakunywa maji ya bomba, naona nakufa."

Muriel akaegemea fimbo. Juma la maua. Miaka yote hiyo alihesabu mwaka wake kwa juma lile, kama wengine wanavyohesabu kwa Krismasi, na kukaa ndani kote kule kulimfutia. Thora hakuanguka. Thora hakuchoka. Thora hakuwa na pa kuchota! Kicheko kilimtoka, kikamshika mbavu, fimbo ikamponyoka, ikabidi Redfern aiokote huku akilalamikia mgongo.

"Sijasema la kuchekesha," alisema Redfern.

"Hukusema. Ahsante, Redfern. Ahsante sana, umeniponya."

Redfern hakuwa amezoea kuponya watu. Akawa mwekundu masikio.

Kicheko kilipokwisha, Muriel alijikuta amesimama na hana sababu. Alikuja kumtafuta mgonjwa, na mgonjwa hayupo. Angeweza kurudi nyumbani sasa hivi. Jumatano ijayo uzio utakuwa umetoka, maji yatafika mlangoni, kibati kitafunguliwa, swali litaulizwa, naye atakaa kitini mikono magotini. Akaliona hilo waziwazi, akajionea haya kuliko alivyowahi kujionea.

"Thora yuko wapi?" akauliza.

"Kule ukumbini nyuma ya kanisa, anabandika petali. Alijipeleka mwenyewe mwaka huu, hakuna aliyemwita. Wamempa mbingu ya picha." Redfern akatazama juu. "Na mbingu yenyewe naona itamjibu kabla ya saa kumi."

Basi Muriel akaendelea na safari. Alipita jumba la opera, akaingia bustani ya mtoni, akavuka kijidaraja, bata wakimpigia kelele wakidhani fimbo ni mkate. Nyonga sasa ilikuwa inasema maneno. Yeye alikuwa akiyapanga ya kwake: Thora, nimekuja kukushukuru. Hapana. Thora, mimi ni mjinga. Hapana, hilo analijua.

Ukumbi ulinuka udongo mbichi, kuvumwani ya mawe na chai. Mbao zimelazwa juu ya meza, na wanawake wameziinamia, vidole vyeusi, vichwa pamoja. Mmoja baada ya mwingine waliinua macho, na maneno yakapungua mpaka yakaisha. Mwisho kabisa wa chumba, peke yake kwenye ubao mrefu wa buluu, alikuwa Thora, amevaa miwani mbili, moja machoni moja kichwani. Petali za haidranjia zilikuwa mbele yake kwenye beseni. Alikuwa akibandika kutoka chini, akipanda juu.

Hakuinua kichwa. "Usiegemee ubao," alisema.

"Siegemei."

"Nyonga?"

"Ipo."

"Nani kakuleta?"

"Miguu yangu."

Hapo Thora akatazama. Alitazama fimbo, viatu, uso uliotota jasho. "Umetembea kutoka juu kule? Una wazimu? Kaa chini kabla hujaniangukia kwenye mbingu yangu! Nimeianza jana, sina nyingine."

Muriel akakaa. Akasema mvua inakuja. Thora akasema ndiyo, mvua inakuja. Muriel akasema haidranjia za mwaka huu zina rangi nzuri. Thora akasema ni mbolea. Mwiba ulikuwa palepale kooni. Muriel akanyoosha mkono akachukua petali kutoka beseni, akaibandika kwenye safu aliyoiacha Thora, akaibana kwa kidole gumba. Akachukua nyingine. Vidole vilikumbuka vyenyewe. Walikwenda hivyo mpaka nusu ya safu, na ukumbini sauti zikaanza kurudi, kidogo kidogo, kwa adabu ya kutosikiliza huku wanasikiliza.

"Leo hakukuwa na chupa," Muriel alisema.

"Ningechota wapi? Wamefunga."

"Sikujua. Nilidhani umekufa."

"Ndiyo maana ukaja mbio?"

"Ndiyo maana nikaja."

Thora akabandika petali mbili. "Chupa zilikuwa zinarudi zimeoshwa," alisema. "Mwezi wa kwanza nilisema, potelea mbali, hanitaki, naacha. Nikaja nikakuta soksi zimekunjwa. Nikajiambia, mtu akikunja soksi za mwenzake hajamchukia sana." Akasukuma miwani. "Lakini ilikuwa baridi, Muriel. Kuinama pale kuzungumza na tundu la barua."

"Nilikuwa kitini. Nilikusikia kila mara."

"Najua ulinisikia. Kiti chako kinalia."

Muriel akaweka petali chini. Akageuza kiti, akamtazama Thora machoni, pale penye miwani moja. Na kama maji yatokavyo ubavuni mwa mlima, bila kishindo, neno likatoka.

"Ahsante, Thora. Yale maji ndiyo niliyokuwa nikiamkia. Vingine vyote nilivifanya kwa kulazimishwa. Na lile neno nililokusema mbele ya watu lilikuwa baya, na nililijua ni baya kabla halijafika chini."

Thora akachukua petali, akaishika bila kuibandika. "Lakini kweli nilimzamisha," alisema hatimaye.

"Ulimzamisha."

"Jicho kwenye kola!"

Wakacheka, wakaanza taratibu kisha wakashindwa kujizuia, wazee wawili wameshikana mikono yenye udongo, mpaka meza ikatikisika na mwanamke wa ubao wa pili akapiga kelele kwamba kondoo wake wa petali wanadondoka miguu.

"Ila ungeninong'oneza," Thora alisema, akijifuta macho kwa kiwiko. "Ungenivuta pembeni. Mimi nawe."

"Ningekunong'oneza."

"Haya. Yamekwisha."

Nje mvua ikaanza, ikapiga mapaa ya ukumbi, na hakuna aliyeinua kichwa kuitazama. Mtu akawaletea chai. Muriel akaonja, akakunja uso, Thora akakunja wa kwake, wakanywa hivyohivyo. Safu ikapanda, nyingine ikaanza juu yake. Mbingu ilikuwa imefika karibu na ukingo wa juu wa ubao Thora alipozungumza tena, macho yake kwenye kazi.

"Sasa niambie hapa, maana tundu la barua halinijibu. Jumatano ijayo uzio utakuwa umetoka. Nikuletee au nisikuletee?"

Muriel akachagua petali, akaitazama pande zote mbili, akaibandika mahali pake, akaibana.

"Usiniletee," alisema. Akaona mkono wa Thora umesimama hewani, akauvuta kwake akaushika. "Ukiwa unashuka kwenda kuchota, nigongee mlango. Utanikuta nimeshavaa viatu."